Umehamia Mwanza: mwongozo kamili wa kulizoea jiji kuanzia siku unayoshuka

Mimi kwetu kisiwa cha Ukerewe, Nansio. Nilikuja Mwanza 2014 kujifunza cherehani nikiwa na begi moja, godoro la tatu na nusu kwa sita limefungwa kamba, na namba ya simu ya mtu aliyesema atanipokea bandarini, akaja kupokea simu saa tisa mchana. Tangu hapo nimehama vyumba vinne, nimewapokea wadogo zangu wawili na mabinti kama sita hivi waliokuja kujifunza kushona kwangu, na kila mmoja nimemwambia mambo yale yale mpaka koo linakauka, kwa hiyo nimeamua niyaandike yote mara moja.

La kwanza kabisa ulijue hili: jiji zima halizoeleki. Hata mtu aliyezaliwa Pasiansi kuna mitaa ya Igoma hajawahi kuikanyaga. Kinachozoeleka ni watu wachache na njia chache, na hao unawazoea kwa kurudia, yaani duka lile lile, genge lile lile, mama ntilie yule yule, muda ule ule, mpaka siku moja mtu anakuuliza "jana ulikuwa wapi hatujakuona?" Hatua zote ninazoziandika hapa chini zinakupeleka kwenye hilo swali.

HATUA YA 1: Kabla hujapanda gari au meli

Piga hesabu ya hela ya kuanzia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, afu kuna ndoo, jiko, godoro, neti, chakula cha mwezi mzima na nauli za kuhangaika. Kama chumba ni elfu hamsini, usije na laki na nusu ukasema nina miezi mitatu, maana hapo hujamlipa dalali na hujanunua hata sufuria. Ukiwa na laki tatu na nusu mpaka nne unapumua.

Kama hela haijafika hapo, fikia kwa ndugu au rafiki, ila hapa ndo watu wengi wanaharibu mapema. Sema tangu mwanzo utakaa wiki ngapi, taja tarehe kabisa. Ukifika, amka kabla ya mwenyeji wako, jaza maji, fagia uwanja, na wiki ya kwanza tu nunua umeme wa LUKU hata wa elfu tano bila kuambiwa. Shangazi aliyenipokea mimi alikuwa na watoto wanne kwenye vyumba viwili, nililala sebuleni wiki tano, na mpaka leo tunaheshimiana kwa sababu nilikuwa nakunja godoro langu saa kumi na moja alfajiri kabla mumewe hajatoka. Mtu wa kulala mpaka saa tatu kwenye sebule ya watu hakai.

HATUA YA 2: Siku ya kufika

Panga ufike mchana. Mabasi ya Dar, Dodoma, Tabora na Shinyanga yanaingilia upande wa Nyegezi, ya Musoma na Tarime yanaingilia upande wa Nyamhongolo, na stendi zote mbili ziko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo ukifika saa tano usiku utalipa bodaboda kwa bei ya mtu aliyechoka. Wa Geita, Chato na Bukoba siku hizi mnakatiza daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi, kilomita tatu unazimaliza ukiwa bado unashangaa maji. Sisi wa Ukerewe tunashuka bandarini, katikati ya mji kabisa.

Hela igawanye sehemu tatu: kidogo mfukoni, nyingine ndani ya nguo, iliyobaki iwe kwenye simu. Ukishuka, usisimame na mizigo unaangaza macho huku na kule. Nenda kakae kwenye duka la chai, agiza chai na chapati, ndo upige simu. Anayekukimbilia na kukunyang'anya begi "nikusaidie dada" mwambie kwa upole napokelewa, na mkono wako usitoke kwenye begi.

HATUA YA 3: Weka ramani kichwani

Hii itakuokoa sana. Mwanza ukishaijua njia tatu kubwa huwezi kupotea. Barabara ya Kenyatta inatoka mjini kuelekea kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, afu unatokea Usagara. Barabara ya Nyerere inaelekea mashariki, Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma mpaka Kisesa. Ya Makongoro inakwenda kaskazini, Kirumba, Pasiansi, Ilemela hadi uwanja wa ndege. Karibu kila sehemu utakayotajiwa imeshikana na mojawapo ya hizo tatu, kwa hiyo ukielekezwa mahali uliza kwanza "ni njia ya Nyegezi, ya Igoma au ya Airport?" hapo utakuwa umeshamaliza nusu ya maswali. Na kuna wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, kila moja na ofisi zake, sasa ukijaza fomu andika wilaya unayoishi kweli, nimeona watu wanazungushwa wiki nzima kwa kuandika Nyamagana na wakati wanaishi Kiseke.

Jumapili ya kwanza panda daladala mpaka mwisho wa njia, afu rudi nayo. Nauli ya kwenda na kurudi tu, kaa dirishani, soma majina ya vituo. Fanya hivyo njia zote tatu.

HATUA YA 4: Chumba (hapa soma taratibu)

Mwanza ni jiji la miamba, nyumba zimepanda mlimani kabisa, Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo, ukipita usiku unaona taa kama nyota zimeshuka. Ni pazuri sana kupatazama ukiwa chini. Chumba changu cha kwanza kilikuwa Igogo juu, nilikipenda kwa sababu ukifungua mlango unaliona ziwa lote, na kodi ilikuwa elfu arobaini wakati chini tambarare nilikuwa naambiwa hamsini na tano. Nikajiona mjanja. Wiki ya kwanza nikagundua bomba halina nguvu ya kupandisha maji mpaka kule, yanatoka siku mbili kwa wiki tena usiku wa manane. Kijana wa kubeba alikuwa anachukua mia tatu kwa dumu moja la lita ishirini, na mimi kwa kufua, kupika na kuoga natumia madumu matatu kwa siku. Sasa piga hesabu: mia tisa kwa siku mara thelathini ni elfu ishirini na saba. Jumlisha na kodi, elfu sitini na saba. Kile chumba cha tambarare kodi na bili ya maji visingevuka sitini na moja. Nilikuwa naliangalia ziwa zima kutoka mlangoni huku ndoo ni tupu. Hizo bei ni za wakati ule, wewe weka za leo, ila hesabu ni ile ile: kodi jumlisha maji, jumlisha nauli ya kwenda kazini, jumlisha bodaboda ya siku za mvua, ndo unapata bei ya chumba.

Chumba nenda kakione mara tatu. Mara ya kwanza mchana, uangalie kuta zimeota ukungu au la, dari, choo ni cha watu wangapi, fungua bomba kwa mkono wako mwenyewe. Mara ya pili usiku saa mbili au tatu, usikilize baa za jirani, uone njia ina taa au giza, uangalie watu wanaokaa kona. Mara ya tatu mvua ikiwa imenyesha. Hii ya tatu watu wanaidharau lakini kwa Mwanza ndo yenye maana kuliko zote, kwa sababu maji ya mvua yote ya milimani lazima yateremke mahali, na sehemu za bondeni karibu na mto Mirongo na Mabatini zinajaa maji mvua ikikolea. Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, na nyingine Oktoba mpaka Desemba. Ukija Julai kila chumba kinaonekana kikavu, kwa hiyo angalia ukutani chini kama kuna mstari wa tope, na muulize mpangaji, usimuulize dalali.

Na asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, kasimame kituo cha karibu na hicho chumba kana kwamba unaenda kazini. Hesabu magari mangapi yanapita yamejaa kabla hujapata la kupanda. Ukipima njia Jumapili mchana utajidanganya.

Dalali: mlipe ukishakabidhiwa funguo na mwenye nyumba mwenyewe, siyo kabla. Mimi niliwahi kumpa dalali hela ya "kushikia chumba", nikarudi kesho yake nikakuta mpangaji ana miezi minane ndani na wala hana mpango wa kuhama, na dalali simu haipatikani. Kwa hiyo ongea na mwenye nyumba uso kwa uso, waulize majirani kama kweli ndo mwenye nyumba, andikeni mkataba hata wa karatasi moja, kodi itume kwa simu au benki ili ibaki kumbukumbu. Piga picha chumba kizima siku unaingia, vioo, kitasa, choo, maana siku ya kutoka ndo utaambiwa wewe ulivunja.

Umeme nao uulize mapema: mita ni ya kwako au mnachangia? Kuna bei nafuu ya TANESCO kwa mita zenye matumizi madogo, yaani yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, sasa nyumba ya wapangaji saba kwenye mita moja haiwezi kubaki humo, mtalipa bei ya juu wote hata wewe mwenye taa moja na simu. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndo anakatwa, na ugomvi mwingi wa uani unaanzia hapo. Kubalianeni zamu. Mwenye friji na pasi aseme tangu mwanzo, mwenye redio tu naye asilipe sawa na mwenye friji.

HATUA YA 5: Jitambulishe mtaani

Wiki ile ile uliyohamia, nenda kwa mjumbe, afu ofisi ya serikali ya mtaa kwa mtendaji au mwenyekiti, jiandikishe. Usisubiri upate shida. Barua ya utambulisho ya mtaa utaitaka kwenye kila kitu, kitambulisho cha NIDA, kufungua akaunti, kuomba kazi, kumdhamini mtu, na anayekuandikia anatakiwa awe anakujua. Nenda asubuhi, vaa vizuri, shikamoo, sema umetoka wapi, unafanya nini, unaishi nyumba ya nani. Dakika kumi. Uliza siku ya taka ni lini na hela ya taka ni kiasi gani.

Majirani wa uani wasalimie wote siku ya kwanza, mlango kwa mlango, kuanzia mkubwa. Wenyeji wengi hapa ni Wasukuma na wanapenda sana mtu anayejaribu. Asubuhi mwambie mama wa makamo "mwangaluka mayu", muda mwingine "mwadila", wewe ukiulizwa hali jibu "mhola", yaani ni amani, na kushukuru ni "wabeja". Utakosea matamshi, watacheka, watakurekebisha, na hapo hapo umeshapata mwalimu. Mwanaume ukiitwa "ngosha" usinune, umekaribishwa. Na hata kama huna lugha, shikamoo haijawahi kumtupa mtu.

Msiba ukitokea mtaani nenda. Hata kama humjui marehemu. Toa elfu mbili ya rambirambi, osha vyombo, kaa na watu saa moja. Mimi mtaa wa pili nilioishi nilijulikana kwenye msiba, nilikuwa namenya ndizi na wamama ambao hawajawahi kuniongelesha, jioni wote wanajua mimi ni yule binti wa Ukerewe anayeshona, na wiki iliyofuata nikaletewa sare tatu za kwaya.

HATUA YA 6: Daladala na bodaboda

Daladala nyingi ni Hiace. Soma njia iliyoandikwa mbele, afu bado muulize konda "unafika Buhongwa?" kabla hujakanyaga, maana jioni zingine zinakatisha njia zinageuzia kati. Nauli andaa chenji mkononi. Kushuka unasema "shusha kituoni" kabla ya kituo, kwa sauti, usione aibu. Simu weka ndani ukikaa dirishani kwenye foleni, na begi liwe mbele ya tumbo ukipita Makoroboi au stendi yenye msongamano.

Bodaboda patana bei kabla hujapanda, na ukipata kijana mstaarabu wa kijiwe cha karibu na kwako chukua namba yake, awe huyo huyo kila siku. Usiku wa saa nne unapiga simu anakuja mtu anayekujua jina na mlango. Ukitaka kupanda mlimani na mzigo mwambie kabisa unaishi wapi, wengine wanakushusha chini ya mwamba unamalizia na kichwa.

HATUA YA 7: Kula vizuri kwa hela kidogo

Hapa Mwanza imetubariki. Nenda mwalo wa Kirumba, wengi wanaita Mwaloni, asubuhi mapema, ukiwa na ndoo au mfuko mgumu. Utakuta sangara, sato, dagaa, furu, kamongo, na wachuuzi kutoka mpaka nchi za jirani wanafunga magunia.

Dagaa ndo mboga ya mgeni mjini, ila lazima ujue kuwachagua. Chota kiganjani, tikisa taratibu, afu wamwage na utazame kiganja. Ukiona mchanga umebaki kwenye mistari ya mkono, hao walianikwa chini, utawaosha mara sita na bado jino litakwaruza. Walioanikwa kwenye chanja au nyavu kiganja kinabaki na magamba tu yanayong'aa. Rangi iwe ya fedha. Wakiwa wekundu wekundu au wa njano walinyeshewa wakati wa kuanikwa, na wakivunjika unga ukishika tu wamekaa sana. Kingine, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo angalia mwezi juu, nunua wa kutosha siku za giza, uwe na akiba siku za mbalamwezi. Hii hata waliozaliwa mjini wengi hawaijui, sisi wa visiwani tumekua nayo.

Sato mbichi angalia jicho limejaa na linang'aa, funua shavu uone wekundu, bonyeza mnofu, ukirudi haraka ni wa leo. Hela ikiwa haba kuna mapanki, ile mifupa na kichwa cha sangara baada ya viwanda kutoa minofu, supu yake na ndimu na pilipili inashibisha watu wanne. Usidharau.

Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, nunua uweke ndani. Asubuhi chemsha na karanga umemaliza habari ya chai ya mia tano mia tano ambayo mwisho wa mwezi ni elfu kumi na tano. Mchele nunua kwa kilo kadhaa kwa mtu mmoja, na nyanya na vitunguu vya wiki nzima vinunue soko kubwa, genge la mtaani libaki la dharura. Ila mama wa genge usimsuse kabisa, nunua kwake kitu kidogo kila siku hata cha mia mbili. Siku hela imekata atakupa mchicha umlipe Ijumaa.

HATUA YA 8: Ziwa na afya yako

Mgeni akifika anataka kuogelea. Mwenyewe natoka kisiwani na nakwambia kwa moyo wote, usiingie tu majini popote. Kichocho kipo ukanda wote wa ziwa hili, kinaletwa na minyoo inayotoka kwenye konokono wadogo wa majini na kupenya kwenye ngozi bila hata kuisikia, hasa kingoni penye majani na maji yaliyotulia. Kama umeshaingia, au umeona damu kwenye mkojo au choo, nenda kapime, dawa ipo na inatibu. Mamba pia wapo. Maji ya kunywa chemsha, hata yakiwa meupe kama kioo, na uyafunike.

Malaria ndo mkubwa zaidi, lala ndani ya neti kila siku, usiseme mlimani kuna upepo. Kuna siku utaona wadudu wadogo wanatoka ziwani kama wingu la moshi, wanajaa kwenye taa, hao hawaumi, zima taa ya nje funga dirisha, asubuhi fagia.

Mapema kabisa jua zahanati au kituo cha afya cha karibu, kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, nenda ukiwa mzima ukaulize. Hospitali ya mkoa ni Sekou Toure, Bugando ni ya rufaa ya kanda nzima na huko kwa kawaida unaanzia chini unapewa rufaa, usikimbilie na mafua. Kama una bima, kadi iwe kwenye pochi siku zote. Polisi ni 112, zimamoto 114, namba zihifadhi leo.

HATUA YA 9: Hela na matapeli

Utapata meseji "ile hela tuma kwenye namba hii", futa. Atapiga mtu anasema amekosea kutuma muamala, umrudishie. Usirudishe kitu kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, na wewe angalia salio halisi, siyo meseji. Namba ya siri hata ndugu asiijue. Kazi inayokudai hela ya fomu, ya sare au ya mafunzo kabla hujaanza, acha.

Kikoba au mchezo wa kupeana hela kwa zamu ni kitu kizuri sana ila usiingie mwezi wa kwanza. Watazame kwanza, wanakutana lini, daftari analishika nani, nani amewahi kuchelewa. Baada ya miezi mitatu, ukishajua nani anaishi wapi, ingia kwa kiasi unachoweza hata mwezi mbaya. Cherehani yangu ya kwanza niliinunua kwa zamu yangu ya mchezo wa elfu tano kwa wiki, tulikuwa wanawake ishirini na nne.

HATUA YA 10: Jumapili saa kumi jioni

Naiita hivyo kwa sababu upweke unakuja saa hiyo. Siku za kazi unahangaika huna muda wa kuwaza, ila Jumapili umefua, umepika, umekula peke yako, unasikia wenzako uani wanacheka na watoto wao, na kule nyumbani unajua muda huu wamekaa chini ya mwembe. Mwezi wa pili ndo mbaya kuliko wa kwanza, maana wa kwanza kila kitu ni kipya. Nililia sana mwezi wa pili. Nikafunga begi mara mbili.

Kilichonisaidia ni kuwa na mahali pa kwenda, saa ile ile kila wiki. Kama unasali, jiunge na jumuiya ya mtaani kwako au darsa la msikiti wa karibu, siyo kanisa kubwa la mjini ambalo utatoka bila mtu kukusalimia. Imba kwaya hata kama sauti ni ya kawaida, kwaya ina mazoezi katikati ya wiki na ndo siku mbili hizo hauko peke yako. Kijana wa mpira, Nyamagana na Kirumba kuna viwanja, na Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya ishirini, ukikaa jukwaani na watu wa hapa dakika tisini unatoka na marafiki. Ukitaka kutulia tu, nenda ukakae karibu na kivuko cha Kamanga jua linazama, Mwamba wa Bismarck uko mbele yako umesimama majini, haulipi kitu. Ukiwa na akiba kidogo, panda boti uende Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iko hapo hapo dakika chache tu kutoka mjini, utaona swala na pimbi.

Nyumbani piga simu siku moja maalumu kwa wiki. Ukipiga kila jioni mwili uko Mwanza roho iko kijijini, na mama naye hatalala kwa kukuwaza. Akikuuliza umekula, mwambie umekula nini.

HATUA YA 11: Kwenda kusalimia, na kurudi

Jitahidi usiende kabla ya miezi mitatu, ukienda mapema kurudi ni kugumu mno. Ukienda, usikope ili uonekane umefanikiwa. Sukari kilo mbili, sabuni mche, kitenge cha mama kama hela ipo, vinatosha. Wakianza "mjini kuna hela tusaidie" sema ukweli unapata kiasi gani.

Ukirudi usije mikono mitupu. Safari yangu ya kwanza nilirudi na machungwa ya Ukerewe nusu gunia, nikagawa uani, matano kwa kila mlango, mengine nikampelekea mama wa genge na kijana wa bodaboda. Mama wa genge akalimenya moja pale pale, akasema "hili tamu, umetoka lini? Wiki mbili mchicha nakuwekea wewe hauji."